Sufuria, Mwambie Aongeze Ukwaju

Juzi mmoja wenu, mjukuu wangu anayesomea upishi Nairobi, aliniletea uji asubuhi. Juu ya uji alikuwa amemwaga vipande vya matunda kutoka kwa mkebe, vitamu kama dawa ya kikohozi ya watoto. Akasimama hapo mbele yangu, mikono kiunoni, akingoja nimsifu. Nikamsifu. Nilimwambia ule mkebe umefunguliwa vizuri sana.

Amenuna mpaka leo. Nyanya yake amenikanyaga mguu chini ya meza mara kadhaa, na bado sijaomba msamaha. Basi kwa kuwa yeye hataki kunisikia, nawaambia nyinyi wengine, wote mlio na vyeti vya upishi na aproni nyeupe ambazo hazijawahi kuona doa. Kaeni chini. Mimi nimekuwa jikoni tangu kabla mama zenu hawajajua kupanguza pua.

Kitu chenyewe ni rahisi, ndiyo maana watu wengi wanakiharibu. Ni matunda yaliyochemshwa kidogo kwenye maji ya sukari, yakapoa, yakawekwa juu ya uji asubuhi. Wazungu waliita kompoti. Sisi jikoni tuliita matunda ya juu, kwa sababu yalikaa juu. Hatukuwa watu wa kujisumbua na majina.

Nilifanya kazi kwenye nyumba ya wageni ya kanisa, nje kidogo ya mji wa Kitui. Aliyenifundisha ni Mzee Nzioki, mpishi mkuu, mtu wa Kibwezi. Mzee huyo hakuwa na sifa za kugawa ovyo. Ukipika kitu kikawa kibaya, alikula akanyamaza, kisha akamwita mbwa. Ukipika kitu kikawa kizuri kupita kiasi, alifuta mdomo akasema, "Sijatapika." Nilikaa naye miaka mingi, na hiyo "sijatapika" niliipata mara chache tu, nikaenda nayo nyumbani kama mtu aliyepewa ng'ombe.

Kwanza alinifundisha sukari. Ukitaka paipai ibaki vipande, chemsha maji na sukari kwanza, halafu ndiyo uweke paipai. Ukiweka sukari mwisho, paipai itakuwa imeshajifia, na wewe utakuwa umepika uji wa kumwagia uji. Pili, usikoroge. Shika sufuria masikio yake, uitikise. Mwiko ni wa ugali. Tatu, ukwaju. Ndimu kwetu zilikuwa za kubahatisha, lakini ukwaju ulijaa huko nje, hata mbuzi waliuchoka. Loweka, kamua, chuja, halafu umwage mwishoni ukionja. Na usiupikie kwenye sufuria ya aluminiamu isipokuwa unataka wageni wale uji wenye ladha ya bati. Tulikuwa na sufuria moja ya enameli, ya bluu, imebanduka mdomo, na Mzee Nzioki aliilinda kuliko alivyolinda meno yake.

Nne nilijifunza mwenyewe, mbele ya askofu. Asubuhi hiyo nilipika uji wa maziwa, mtamu ajabu, nikaumwagia matunda ya ukwaju yakiwa bado moto. Maziwa yakakatika hapo hapo. Bakuli lote likawa mabonge mabonge. Nilitaka kutoroka kupitia dirisha. Mzee Nzioki akachukua bakuli, akalipeleka mezani akiwa amenyoosha shingo, akatangaza kwamba hivyo ndivyo wanakula ng'ambo siku hizi. Askofu akala. Wageni wa ng'ambo aliokuja nao wenyewe wakala, wakauliza kama kuna mwingine! Tangu siku hiyo kila askofu akija tulilazimika kuharibu maziwa mazuri kwa makusudi. Kwa hivyo mkiambiwa mtu mkubwa amesifu chakula chenu, msikimbilie kuruka juu.

Sasa niwaambie jambo ambalo hamtaliamini. Leo mwanamume akipika, anapigwa picha, anavalishwa kofia ndefu kama gunzi la mahindi. Wakati wetu huku Ukambani, mwanamume kushika sufuria kwa mzungu ilikuwa kazi, sawa, lakini kijijini ilikuwa aibu. Na aibu hiyo haikunipata mimi peke yangu. Ilimpata mama mkwe.

Mke wangu Mwende alikuwa mtu wa upande wa Kabati. Mama yake jina lake silitamki, hata sasa. Nyinyi siku hizi mnakumbatia mama wakwe, mnawaletea keki, mnacheza nao kwenye harusi. Sisi tulikuwa na nthoni, yaani heshima ya ukwe: mama mkwe na mkwe wake hawaonani uso kwa uso, hawali pamoja, hawatajani majina. Mkikutana njiani, mmoja anaingia kichakani. Mimi nimeingia vichaka vingi. Kuna kimoja karibu na Kabati kilikuwa na nyuki.

Kwa hivyo uso wake sikuujua. Sauti niliijua vizuri sana, maana ilikuwa imenitukana mara nyingi kupitia ukuta wa nyumba yao.

Wanawake wa sokoni Kabati walimcheka. "Mkwe wako anavaa aproni, siku moja atavaa leso." Siku Mwende alipoenda kwao kusaidia kuvuna mbaazi, hakurudi. Mama alimzuia. Alisema hakutoa msichana kwa mwanamke mwenzake. Halafu baba mkwe akatuma ujumbe, na huo haukuwa mzaha. Kulikuwa na kazi kwa jamaa yake, ya kukaa kwenye stuli na rungu mbele ya ghala la pamba. Kazi ya mwanamume. Mvua ya mwezi wa kumi ikinikuta bado jikoni, mbuzi wangu watarudishwa.

Kama hamjui, mbuzi wa mahari wakirudi nyumbani kwako, huna mke. Hakuna kesi, hakuna maneno mengi.

Nilimpenda Mwende. Nasema wazi, mzee wa umri wangu ataficha nini? Nilimpenda mpaka nikilala naisikia sauti yake akiita kuku. Na jiko nalipenda. Kukaa kwenye stuli nikiangalia pamba, pamba ikiniangalia, nilijua nitakufa kabla ya Krismasi. Nikamwambia Mzee Nzioki kwamba huenda nikaondoka. Alikuwa anamenya paipai, hakuinua kichwa.

"Nenda," akasema. "Pamba haiungui. Hata wewe utaiweza."

Mwezi wa nane ukaja mkutano wa akina mama wa kanisa. Walikuja kutoka kila pembe, Kyuso mpaka Mbooni, na magodoro yao na nyimbo zao. Asubuhi ya kwanza walipanga foleni mbele ya dirisha la jikoni, lile la kupitishia chakula. Mzee Nzioki alimwaga uji, mimi nilikuwa pale dirishani na upawa, naweka matunda ya juu. Hiyo ilikuwa kazi ya mpishi mwenyewe, kwa sababu ukiwaachia akina mama wa kanisa wajipakulie, wa mwisho anapata harufu.

Nikasikia sauti kwenye foleni. "Hapa wanapika na nini, kuni ama tairi?"

Ngai, Mungu wangu! Nilikuwa chini ya meza kabla sijajua nimefika huko.

"Umeona nyoka?" Mzee Nzioki akauliza.

"Ni mama ya Mwende."

Akatazama nje, akatazama chini ya meza, akafikiri. "Afadhali ingekuwa nyoka," akasema.

Akachukua gunia la unga, akalitundika dirishani kama pazia. Basi hivyo ndivyo nilivyowahudumia watumishi wa Bwana asubuhi hiyo: mkono mmoja umetoka chini ya gunia na upawa, mwili uliobaki umejificha. Akina mama walicheka mpaka wakasahau kuomba.

Zamu yake ikafika. Niliona bakuli tu, na vidole vinavyolishika.

"Siku hizi gunia linapakua?" akauliza. Halafu kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani, "Wekeni uji peke yake. Hiyo ingine siijui, na mwenye kupika sitaki kumjua."

Alijua. Kwani Kabati nani hakujua mahali ninapofanya kazi? Mkono wangu ukarudi ndani na upawa umejaa. Niliumia, nyinyi. Kutukanwa nilikuwa nimezoea, lakini kukataliwa chakula ni kitu kingine.

Mzee Nzioki akatoka na birika la chai, akazunguka meza zote polepole, mtu ambaye hakuwahi kumpelekea mgeni chai maishani mwake. Akarudi akafunga mlango.

"Amechovya kidole kwa bakuli ya jirani," akaniambia. "Akalamba. Akaangalia huku na huku, akachovya tena."

Siku ya pili bakuli lilikuja mbele ya gunia likakaa hapo, halikusema "uji peke yake" wala halikuomba matunda. Nikaweka. Baada ya chakula Mzee Nzioki akaleta ujumbe aliopewa mlangoni: uchachu haujatosha.

Haujatosha! Mimi niliyefundishwa na mtu wa Kibwezi! Mtu aliyekula kwa kidole anakuja kunifundisha ukwaju! Nililalamika mchana kutwa, nikatupa vifuniko. Jioni nikaloweka ukwaju zaidi, kwa hasira. Asubuhi iliyofuata ujumbe ukaja: afadhali, lakini uchachu haujatosha.

Siku ya mwisho walikula, wakaimba, wakaenda kufunga mizigo. Nilikuwa naosha ile sufuria ya bluu, gunia bado limening'inia, nikasikia viatu vya raba vimesimama nje ya dirisha. Nikachungulia kidogo pembeni. Niliona mgongo na leso ya kichwani. Alikuwa amegeukia uwanja, kama mtu anayengojea mvua.

"Sufuria," akasema. "Uko hapo?"

Mzee Nzioki aliniangalia. Akachukua karai la maganda lililokuwa nusu tupu, akatoka nalo nje polepole, akafunga mlango kwa heshima zote.

"Niko," nikasema. Chekeni tu. Kwani sufuria gani nyingine ingejibu?

"Mwambie huyo anakukoroga, niko na mgonjwa nyumbani. Kila kitu anakula kinarudi. Uji unarudi. Chai inarudi. Hata maji inarudi. Hii yenu, kwa sababu ni chachu kidogo, labda itakaa."

"Sufuria haikorogwi, mama. Inatikiswa."

"Nimeongea na sufuria. Sijaongea na mwalimu."

Chupa ya jamu ikapita chini ya gunia, imesuguliwa mpaka inang'aa.

"Jaza hii."

Nikaishika. Nikaanza kufikiria kwao kuna nani. Baba mkwe, ambaye hajawahi kuugua hata mafua. Shemeji yangu Musyoka, anayekula hadi sahani inaomba huruma. Na Mwende. Mgonjwa anayetapika kila kitu na kutamani kichachu. Mimi si daktari, lakini nimekua na dada zangu nyumba moja. Nikajishikilia meza.

"Sufuria inauliza," nikasema, "mgonjwa alianza lini?"

"Tangu mbaazi."

"Na anaendelea aje?"

Ile sauti ya kupita ukuta ilikuwa imekwisha. "Amekonda. Usiku anakunywa maji anatapika, analia anasema atakufa na mtoto. Nimezaa, nimezalisha, lakini hii inaniogopesha."

"Hata sufuria inaogopa, mama," nikasema.

Halafu nikafanya kitu pekee nilichojua kufanya. Nikakamua ukwaju mwingi kuliko siku zote, nikaweka vipande vya paipai vidogo vidogo vya kumezeka, sukari kidogo, na asali kijiko kimoja. Nikaonja. Nikajaza chupa mpaka shingoni, nikaifunga na kitambaa safi.

"Chupa," nikasema nikiipitisha, "ukifika, ulishe mtu ukiwa umepoa. Kijiko kidogo, juu ya uji mwepesi. Na maziwa usikaribie, utakatika."

"Mimi nimelea watoto saba, unaniambia maziwa?"

"Sijaambia mtu. Nimeambia chupa."

Nikasikia kitu kama mtu anayekohoa. Mpaka leo nashikilia kwamba alicheka. Viatu vya raba vikaondoka. Kuhusu mbuzi hakusema neno lolote.

Siku ya soko chupa ilirudi, imeletwa na mama mmoja wa kanisa. Tupu, imeoshwa. Ujumbe: imekaa, lakini uchachu haujatosha. Nikajaza. Ikarudi tena tupu. Nikajaza. Huku mawingu yanaanza kukusanyika upande wa milima, na watu wanapiga jembe, na kila mtu ananiuliza kama nimeenda kuona lile ghala.

Mnaona shida yangu? Nikiacha jiko kabla ya mvua, ndoa imepona, lakini ile chupa itajazwa na nani? Na rungu? Nikibaki, mgonjwa anakula, na mbuzi wanarudi. Nililala vibaya wiki hizo. Mzee Nzioki, kwa huruma yake ya ajabu, aliniuliza kila asubuhi, "Pamba haijambo?"

"Pamba haijui kutuliza tumbo," nikamjibu siku moja. Akafuta mikono, akasema, "Sijatapika." Na siku hiyo sikuwa nimempikia kitu.

Mvua ikanyesha. Ikanikuta jikoni.

Kesho yake ardhi bado inanuka mvua, nikatazama nje nikamwona Musyoka anakuja na njia. Mbele yake, mbuzi. Nilivua aproni. Niliikunja vizuri, nikaiweka juu ya meza, kwa sababu nilifikiri kama mtu anaachwa afadhali aachwe akiwa nadhifu. Nikatoka nikasimama mlangoni nikiwangojea mbuzi wangu.

Musyoka akafika, akanisalimia, akapita.

"Musyoka! Mbuzi unapeleka wapi?"

"Sokoni," akasema. "Kwani wewe unataka mbuzi?"

Na nyuma yake, mbali kidogo, kwa sababu alikuwa anatembea polepole na matope yalikuwa mengi, alikuja Mwende. Amekonda, ndiyo, shingo imekuwa kama ya kuku, lakini anatembea kwa miguu yake, na nguo imeanza kumbana tumboni. Mkononi ana ile chupa. Akanipa chupa.

"Mama amesema nisikae njaa kwetu na mwenye kupika yuko huku," akasema. "Na chupa irudi imejaa."

Nililia mbele ya Mzee Nzioki na mbwa.

Baadaye nilisikia kwamba baba mkwe alipouliza habari za mbuzi, aliulizwa na mkewe kama yeye anajua kutuliza tumbo la mjamzito, na kama hajui, anyamaze. Sokoni Kabati walipojaribu tena hadithi ya aproni, mama huyo akawajibu, "Wangu anapika. Wako anafanya nini, anangoja kupikiwa?" Hapo wakahamia kwa mkwe wa mtu mwingine.

Basi ile chupa ikaanza safari zake, miaka na miaka. Watoto wangu walizaliwa, wakakua, wakaibeba kwenda kwa nyanya yao. Gesi ikaja jikoni, Mzee Nzioki akaikataa mpaka alipostaafu, sufuria ya bluu ikatoboka nikaizika kama mtu. Chupa ikaenda imejaa, ikarudi tupu na ujumbe ule ule: uchachu haujatosha. Niliongeza, nikaongeza. Nilipika vitu ambavyo vingeondoa kutu kwenye mlango. Haujatosha! Mimi nikampigia Mwende kelele kwamba mama yake hana ulimi, Mwende akasema nimwambie mwenyewe. Ningemwambiaje? Nilikuwa bado naingia vichakani.

Halafu asubuhi moja, nilikuwa nimeshastaafu, tuko hapa nyumbani kwetu Makueni, Musyoka alifika na chupa mkononi. Alinipa kabla hajasalimia, na mimi nikaipokea, na ilikuwa nzito. Kitambaa kilikuwa kimefungwa vile vile nilivyokifunga mimi. Mwende aliyekuwa mlangoni akaiona. Alikaa chini hapo hapo kwenye ngazi.

Kulipotulia, baada ya kilio na maziko, niliomba uji. Nikafungua ile chupa nikamwaga yote juu, nikala. Miaka hiyo yote nilionja kwa ncha ya kijiko nikiwa na haraka ya kubishana. Sikuwahi kukaa chini nikala nilichompikia.

Mwende alikuwa anafuta macho kwa leso. "Iko sawa?" akaniuliza.

"Haijatosha uchachu," nikamwambia.

Kwa hivyo mjukuu wangu akimaliza kununa, aje. Mkebe auache huko huko Nairobi, alete ukwaju.